Uzoefu wangu: Kutafuta hitilafu za programu kwa Gambas kwenye Linux

Programu ninayoitunza hapa Kigoma ni ya stoo ya dagaa wakavu karibu na mwalo wa Kibirizi. Inapokea uzito wa kila gunia, inauzidisha kwa bei ya siku, inaandika deni la mnunuzi na kuchapisha risiti. Nimeiandika kwa Gambas, lugha ya jamii ya Basic iliyoanzishwa na Benoît Minisini wa Ufaransa, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2005 na lile la tatu, ninalolitumia, mwishoni mwa mwaka 2011 kabla ya kuendelea kuboreshwa hadi leo. Ni programu huria isiyo na malipo, na aliyewahi kuandika Visual Basic ataizoea upesi, ingawa msimbo wake wa zamani hautafanya kazi humo bila kuandikwa upya.

Kilichonifanya niing'ang'anie ni namna inavyomsaidia mtu pale programu inapogoma. Hitilafu ikitokea wakati umeiendesha kutoka ndani ya mhariri (dirisha la Gambas la kuandikia msimbo) kwa kitufe cha F5, kazi husimama palepale, mstari wenye tatizo huonyeshwa, na thamani za vigeu (majina yanayoshika data ndani ya programu) vya wakati huo huwekwa mbele yako, kisha kwa F8 unaweza kusonga mstari baada ya mstari. Ninaithamini zaidi amri ya Debug, kwa sababu haitoi thamani peke yake kama Print, amri ya kawaida ya kuonyesha thamani, bali hutanguliza jina la moduli (faili la msimbo), la utaratibu (kipande cha msimbo chenye jina lake) na namba ya mstari. Stoo ikiwa na watu wanaosubiri risiti, maelezo hayo huokoa muda mwingi.

Mfano mzuri ni hitilafu ya uzito. Kompyuta mpakato moja iliyoletwa stoo kutoka Bujumbura ilikuwa na mipangilio ya Kifaransa, ambayo desimali yake huandikwa kwa mkato. Karani akiandika 12.5, kompyuta nyingine zote zilihesabu sawasawa, lakini hiyo ilikataa. Niliweka Debug juu ya mstari wa kuzidisha, nikaona kwamba Val, inayogeuza maandishi kuwa namba, ilikuwa imerudisha Null, yaani hakuna thamani, badala ya namba. Sababu ni kwamba Val husoma namba kwa kufuata lugha na nchi iliyowekwa kwenye mfumo, ilhali CFloat, inayofanya kazi hiyohiyo, haijali mipangilio hiyo. Kwa kuwa makarani wetu wote huandika nukta, nilitumia CFloat, na hesabu zikalingana kwenye kompyuta zote. Yeyote anayeandika programu ya fedha au ya mizani katika mji wa mpakani kama huu aijue tofauti hiyo mapema.

Majina ya wateja wa ng'ambo ya ziwa nayo yalileta shida yake, maana safu za risiti zilipinda kila lilipotokea jina kama André. Gambas huhifadhi maandishi kwa UTF-8, mfumo ambamo herufi yenye alama kama é huchukua baiti mbili, na Len, inayopima urefu wa maandishi, huhesabu baiti, si herufi, hivyo jina hilo la herufi tano huhesabiwa kuwa sita. Dawa yake ni String.Len, na unapokata maandishi, String.Left na String.Mid. Kwa majina yetu ya kawaida tofauti haionekani, na ndiyo maana hitilafu ya aina hii huweza kukaa muda mrefu bila kugunduliwa.

Upande wa Linux wenyewe, wanaotoka Windows wakumbuke kwamba Gambas haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya vigeu, lakini mfumo wa mafaili hutofautisha: Nembo.png na nembo.png ni mafaili mawili.

Ninachoona ni udhaifu wa kweli ni amri ya Try, inayojaribu kuendesha mstari wa msimbo. Huruka hitilafu kimya kimya, na usipoandika If Error mara baada yake, deni linaweza kukosa kuandikwa na karani asijue lolote. Kwa kila sehemu inayogusa kanzidata ninatumia Catch, sehemu inayoendeshwa hitilafu ikitokea, na kuandika Error.Text pamoja na Error.Where kwenye faili la kumbukumbu, ili nikiitwa stoo nianzie mahali panapojulikana.

Ukihamishia programu kwenye kompyuta nyingine ikakataa kufunguka bila kusema neno, usikimbilie kuipakua upya, hasa kwa gharama za bando. Iendeshe kutoka terminali usome ujumbe unaotoka. Mara nyingi utakuta ni kijenzi (sehemu ya ziada ya Gambas) kinachokosekana, kwa mfano gb.db.sqlite3, cha kuunganisha na kanzidata ya SQLite. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, vijenzi huja katika vifurushi tofauti, na hicho kimo katika gambas3-gb-db-sqlite3, kifurushi kidogo ambacho apt, programu yao ya kusakinisha vifurushi, hukisakinisha kwa amri moja.