Mkopo wa asilimia 10 hapa Moshi: uzoefu wangu na watu wa Maendeleo ya Jamii

Mkopo umeshaingia, mashine tumenunua, marejesho yanakwenda, kwa hiyo naandika nikiwa nimetulia. Sisi ni wanawake watano, mafundi cherehani, tunashona sare za shule hapa Moshi. Tulikwenda Idara ya Maendeleo ya Jamii ya halmashauri kuomba mkopo wa asilimia 10. Moshi tuna halmashauri mbili, ya Manispaa na ya Wilaya, na yetu sitaitaja, maana kuna mambo nitayalalamikia na sitaki afisa wa watu aanze kutafutwa. Mwenye haraka achukue hukumu yangu sasa hivi: ukitaka kununua kifaa, nenda. Ukitaka hela ya mzigo wa msimu, tafuta pengine.

Kwanza tuelewane hela hizi zinatoka wapi, kwa sababu nimesikia watu wakishukuru wanasiasa kwa kitu ambacho ni haki yao. Tangu 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Nne ni za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Mapato ya ndani yenyewe ni ushuru wa masoko, leseni za biashara, ada za stendi na kadhalika. Yaani mama anayelipa ushuru kila asubuhi pale Mbuyuni ndiye anayechangia mfuko huo. Siku ya makabidhiano utamkuta mheshimiwa ameshika hundi ya mfano yenye ukubwa wa meza anapigwa picha. Mpigie makofi, si vibaya, ila hela si yake.

Aprili 2023 mikopo hii ilisimamishwa nchi nzima, baada ya ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuonyesha fedha zilizokwenda kwa vikundi hewa na nyingine ambazo hazikurejeshwa. Ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Halmashauri kumi ziliwekwa kwenye majaribio ya kukopesha kupitia benki, na kwa mkoa wetu wa Kilimanjaro iliyochaguliwa ni Siha. Ukisimuliwa na mtu wa Sanya Juu kwamba yeye aliambiwa aende benki, hakudanganyi. Sisi wengine tulibaki kwenye mikono ya halmashauri yenyewe.

Mlango wa huduma hii ni kata. Tulijua hivyo, lakini hata kabla hatujafika mlangoni tulishapata msaidizi. Jirani na ofisi kuna kijana wa steshenari anayeuza katiba za vikundi. Ana moja kwenye kompyuta, anabadilisha jina la kikundi na la mtaa, anachapa, anachukua hela yake, na kwa nyongeza kidogo anakuambia ana mtu wake ndani. Tulimkatalia kwa adabu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata alitupa mfano wa katiba bure, na kumbe huo mfano ulikuwa na sehemu tupu makusudi, ili mgombane wenyewe kabla ya kuzijaza.

Na kweli tuligombana. Tumeshona pamoja miaka, tumezikana na kuchangiana harusi, lakini hatukuwahi kuandika nani anashika ufunguo wa chumba. Mwanachama akihamia Arusha kwa mume, anaondoka na nini? Akifariki, wanawe wanadai sehemu yake ya mashine au wanadai akiba tu? Asiyelipa rejesho, tunamlipia au tunamtoa? Afisa alikuwa msichana mdogo, angeweza kuwa binti wa yeyote kati yetu, na alikaa pembeni anatusikiliza tukirushiana maneno. Tulipopoa akauliza, "Sasa mama zangu, niandike lipi?" Hakutuchagulia. Mimi naona hiyo ndiyo huduma bora kuliko zote nilizopata pale, na haikuwa na shilingi ndani yake.

Kisha akaja kututembelea chumbani. Kwenye andiko letu la kuomba mkopo tuliomba mashine ya ovaloki ya viwandani, ile ya kupiga pindo, na majora ya kitambaa cha tetroni kwa ajili ya kaptula na sketi. Akazunguka, akaangalia vyerehani, akainama chini ya meza. "Hii mashine itachomekwa wapi?" Pale chumbani tulikuwa tunatumia LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, na saluni ya jirani, na ugomvi wa nani kanunua umeme wa mwisho ulikuwa hauishi. Akasema tukalimalize na mwenye nyumba kwanza, maana mkopo utaanza kudaiwa hata kama mashine imezimika kwa sababu ya draya ya mtu. Tukafunga sabmita, mita ndogo ya kwetu wenyewe. Kuhusu majora alikuwa mkavu: "Vitambaa mtauza mtakula. Mashine itabaki." Wawili kati yetu walinuna. Mimi nilimwelewa, ingawa baadaye nilikuja kuona kwamba alikuwa anajua jambo ambalo hakulisema wazi, kuhusu kasi ya hizo hela.

Makaratasi sitayaeleza yote. Mkiwa kikundi mnatakiwa kuwa watano au zaidi, kila mmoja na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, asiwe na ajira rasmi, asiwe kwenye kikundi kingine kinachokopa hapohapo, na kikundi kiwe na cheti cha usajili na akaunti ya benki kwa jina lake. Mtu mwenye ulemavu anaruhusiwa kuomba peke yake, na hili nalisema kwa nguvu kwa sababu wengi hawalijui. Maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni. Kama NIDA inakutambua kwa jina la baba na benki inakutambua kwa jina la mume, rekebisha kabla hujaomba. Mwenzetu mmoja alituchelewesha kwa hilo tu.

Sasa malalamiko. Maombi yakishatoka kata yanapanda: kamati ya kata, kisha halmashauri, na uhakiki wa wilaya. Nakubali, baada ya yale ya vikundi hewa, macho mengi ni bora kuliko macho machache. Kinachoudhi ni kwamba yakishapanda yanapotea machoni pa mwombaji. Hakuna ujumbe wa simu, hakuna ubao, hakuna tarehe. Ukienda ofisi ya juu unaambiwa iko kwenye mchakato. Yule tuliyekuwa tunamkuta mezani hakuwa mkali, heri angekuwa mkali. Alikuwa hainui macho kwenye simu yake. Mama mmoja mfugaji wa kuku, tuliyekuwa tunakutana naye kwenye benchi, alisema mchakato huo una miguu mifupi.

Fundi wa sare ana msimu. Shule zinafunguliwa Januari, kwa hiyo Novemba na Desemba ndipo mzazi anapokuja na mtoto apimwe, ndipo maduka yanapotoa oda. Sisi tuliomba mapema ili tuuwahi huo msimu. Tukaukosa. Watoto wameshavaa, wameshachafua, wengine wameshapasua magoti, ndiyo hela inasoma kwenye akaunti. Kama tungeombea majora, tungekaa na tetroni ya kijani ya shule fulani hadi mwaka mwingine huku marejesho yanadai. Ndipo nikamkumbuka yule binti afisa wa kata na ule ukavu wake.

Katikati ya kusubiri, mwenzetu alichukua kausha damu, mkopo wa haraka wa riba kubwa, kwa mtu mmoja wa mjini. Alipata hela siku hiyohiyo, hakuulizwa katiba wala LUKU, aliacha kadi ya benki na akaandikiwa friji yake kama dhamana. Marejesho ni kila wiki, ukichelewa faini inapanda juu ya riba. Tulimchangia akatoka, kwa shida. Benki Kuu mwaka 2024 ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, lakini hawa wa mitaani wenye daftari hawahitaji programu yoyote, wanakujua kwa jina na wanajua unapokaa. Ninaposema mkopo wa halmashauri unachelewa, naomba usisikie kwamba nasema nenda kwa hao. Tofauti ya bei kati ya hela isiyo na riba na hela ya kausha damu ni kubwa kiasi kwamba kusubiri kunalipa, ilimradi unachokisubiri hakiozi.

Na ovaloki haiozi. Zamani tulikuwa tunashona, kisha tunabeba sare kwenye mifuko hadi kwa jirani mwenye mashine, tunalipia kila pindo, na siku akiwa na oda zake tunasubiri. Sasa hivi mafundi wengine ndio wanatuletea sisi, nasi tunachaji. Hela tuliyopewa ilikuwa pungufu ya tuliyoomba, tukajazia kwa akiba. Rejesho linalipwa kwa kumbukumbu namba, benki au kwenye simu, hakuna anayeshika fedha taslimu, na hilo nimelipenda sana. Kabla ya kupewa tulipitishwa kwenye mafunzo ya kuweka hesabu. Niliyachukulia kama kupoteza siku, lakini yule mwezeshaji alituuliza kila mmoja anajilipa kiasi gani kwa siku, na hakuna aliyekuwa na jibu. Tangu hapo tunajiandikia posho kwenye daftari.

Kwa wafanyabiashara wenzangu, msipoteze nauli kwa kugonga mlango usio wenu. Leseni ya biashara haitolewi na Maendeleo ya Jamii, hiyo ni ya watu wa biashara na inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI. TIN, namba ya mlipakodi, ni ya TRA, Mamlaka ya Mapato. Mkopo ulioombewa halmashauri moja huku biashara yako iko ya pili utakusumbua, na hapa kwetu mtu anaweza kulala Uru, akauza Mbuyuni, akadhani yote ni Moshi. Kitambulisho cha machinga ndicho kiko kwao: tangu 2022 wamachinga wamewekwa chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Vikundi vya VICOBA, vile vya kuweka na kukopeshana, navyo vinapitia kwao kusajiliwa, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 haikuwaacha nje.

Jambo ambalo sikulitarajia kabisa ni zabuni. Sheria ya ununuzi wa umma inataka taasisi za serikali zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalum, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Siku moja tumepeleka taarifa yetu ya marejesho, yule binti wa kata akatuuliza kama tumejisajili NeST. Hatukuwa tumewahi kusikia jina hilo. Ni mfumo wa ununuzi wa serikali, zabuni zote zinapitia humo, na kikundi kama chetu kinahitaji kutambuliwa kama kundi maalum ili kiingie kwenye hizo zilizotengwa. Alikaa na sisi hadi jioni mtandao ukikatika na kurudi. Hakuna aliyemlipa kwa hilo, na kwenye ripoti yake sidhani kama lina safu. Kama kuna mkubwa anasoma haya: mpunguzieni mzigo huyu afisa wa kata, ana pikipiki moja na vikundi hata havihesabiki, na hao wa ofisi ya juu wawekeeni ujumbe mfupi wa simu unaomwambia mwombaji faili lake limefika wapi.

Zabuni ya kwanza tulikosa, bei yetu ilikuwa juu. Sasa tumeomba ya kushona mashuka na mapazia ya zahanati, safari hii tumepiga hesabu na posho zetu zikiwemo, na bado bei imeshuka kuliko ile ya kwanza kwa sababu pindo tunapiga wenyewe.