Tahadhari: taima za hita ya maji zilizobandikwa "16A" ya uongo

Ndugu zangu, kama uko mbioni kununua taima ya hita ya tangi la maji mtandaoni, subiri kwanza usome haya. Nimeuziwa kifaa chenye namba ya kubandika, na nusura kiiunguze nyumba na watoto wamelala.

Nilitaka taima ya kuwasha hita alfajiri na kuizima yenyewe, maana hapa kwangu kila mtu alikuwa anasahau kuizima. Hita yangu ni ya kilowati 3. Sikununua kwa kubahatisha: nilimwandikia muuzaji nikamtajia kilowati 3 na volti 230, nikamuuliza kama itabeba. Jibu lilikuja papo hapo: "Inabeba bila shida, hiyo ni ya ampea 16." Picha nayo ilionyesha 16A kwa maandishi makubwa. Nikalipa, fundi umeme akaja akaifunga.

Wiki ya tatu nikasikia harufu ya plastiki inayoungua kutoka kwenye kabati la tangi. Nikakimbilia swichi kuu nikazima. Upande mmoja wa taima ulikuwa umegeuka kahawia, na waya wa laini (ule unaoleta umeme) umekauka ganda hadi unavunjika ukiukunja. Kilichonitisha zaidi ni kwamba kioo chake kilionyesha imezima tangu saa moja kabla, na maji bado yalikuwa yanachemshwa. Viunganishi vya ndani vilikuwa vimeyeyuka vikagandana. Kilichozuia maji yasizidi moto ni themostati ya tangi peke yake, ile inayokata umeme maji yakifika joto lililowekwa. Nayo ingekuwa mbovu sijui ningeandika nini leo.

Fundi alipoifungua, relei ya ndani, yaani ile swichi inayowasha na kuzima umeme wa hita, ilikuwa imeandikwa 10A. Akaikwangua ile lebo ya 16A kwa ukucha, ikabanduka nzima nzima. Chini yake, kwenye plastiki yenyewe, kiwanda kilikuwa kimechapa 10A. Kwa hiyo hapa hakuna kukosea. Kuna mtu alikaa akabandika lebo moja baada ya nyingine, akijua watu watakwenda kuziweka kwenye hita.

Fanya hesabu uone ubaya wake. Wati 3000 ukizigawanya kwa volti 230 unapata ampea 13. Mtu anaweza kusema ni tatu tu zimezidi. Lakini joto kwenye kiunganishi haliongezeki kwa kiasi kilekile cha umeme. Linakua kwa mraba wake. Kutoka ampea 10 hadi 13, joto linapanda kwa karibu asilimia 70. Na hita si birika linalochemka kwa dakika chache likazimika. Tangi la lita 100, kulitoa nyuzi 20 hadi 60 kwa hita ya kilowati 3, ni kama saa moja na nusu ya umeme wote bila kupumzika, kila siku. Kifaa dhaifu kinapikwa humo taratibu.

Nilipomtumia picha, muuzaji alisema fundi wangu alikosea kufunga. Nikamtumia picha ya ile lebo iliyobanduka. Akanifungia mawasiliano. Siku chache baadaye nikaiona picha ileile, kwenye meza ileile, chini ya jina jingine la duka. Ndiyo maana sitaji jina: kesho atakuwa na jingine. Mtambueni kwa mwenendo wake.

Mwenendo wenyewe uko hivi. Hakubali kukupa picha ya maandishi yaliyochapwa ubavuni au nyuma ya kifaa, anarudia kukutumia ileile ya mbele. Ukimuuliza ampea anakujibu kwa wati: "inabeba hadi 3500". Kwenye kifaa cha kweli utakuta kitu kama 16(2)A pamoja na volti zake. Namba ya kwanza ni ya mzigo wa kupasha joto kama hita, ya kwenye mabano ni ya mota na mizigo ya aina hiyo. Asiyeweza kukueleza hilo hafai kukuuzia kifaa cha hita.

Msishawishiwe pia na taima za kuchomeka kwenye soketi, hata zile za kuendeshwa kwa simu. Nyingi zimetengenezwa kwa taa na feni, na hata iliyoandikwa 13A inakuwa imefika ukingoni kabisa mwa uwezo wake kwa muda mrefu. Hita ya kilowati 3 inataka njia yake yenyewe ya umeme, swichi ya ampea 20 inayokata waya wa laini na wa nyutro (ule wa kurudisha umeme) kwa pamoja, na taima ya kufungwa ukutani yenye ampea 16 za kweli au zaidi. Fundi wangu safari hii ameweka kontakta, yaani swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme: taima inatoa amri tu, mzigo mzito unapita kwenye kontakta. Ni kazi zaidi kidogo, lakini mimi sasa nalala.

Kama tayari unayo iliyonunuliwa kwa namna hii, zima umeme wa hita kwenye sakiti breka, uache kifaa kipoe, kisha jaribu kuikwangua lebo. Ukikuta namba nyingine chini yake, au plastiki imebadilika rangi karibu na nyaya, usiiwashe tena hata kwa siku moja. Piga picha kabla ya kuitupa, na uhifadhi mazungumzo yote na muuzaji, hasa pale alipokuhakikishia kwamba itabeba. Mimi yangu nimeyahifadhi, na malalamiko nimeshayapeleka kwenye soko la mtandaoni nililonunulia. Wakipokea mengine yenye picha hiyohiyo, itakuwa vigumu kwao kusema ni fundi wa mtu mmoja aliyekosea.