Gemu mpya ikija mbovu: hela yako inarudi vipi?

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo sifungui boksi. Nataka tukague kitu ambacho wengi wetu hatukikagui mpaka maji yafike shingoni: njia ya kurudishiwa hela pale gemu iliyotoka juzi inapokataa kufanya kazi.

Mnaikumbuka Cyberpunk 2077. Ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, na oda milioni 8 zilikuwa zimeshawekwa kabla haijatoka. Kwenye kompyuta yenye nguvu ilipendeza. Kwenye mashine za gemu za PS4 na Xbox One za kawaida ilikwamakwama, sura za watu zikichelewa kutokea, mara inajizima yenyewe. Na waandishi waliopewa kuijaribu mapema walipewa ya kompyuta tu! Mwenye PS4 akasoma sifa za kitu ambacho si kile alichouziwa. Hilo linaniuma mpaka leo. Waliotengeneza, CD Projekt wa Poland, waliomba radhi, na kabla ya Krismasi Sony, wenye PlayStation, wakaitoa kwenye duka lao, waliotaka hela zao wakarudishiwa. Ilirudi dukani Juni 2021.

Sasa tazameni kioo changu hapa. Huu ni ukurasa wa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Masharti yao ni siku 14 tangu ununue, na uwe umecheza chini ya saa 2. Hapa ndipo watu wengi wanaponaswa. Nimefungua gemu, bado inaandaa grafiksi zake, mstari umefika asilimia 30, feni ya laptop inalia, sijagusa hata kitufe, na dakika zinahesabiwa. Ukikaa tena dakika 40 unamchagulia mhusika wako nywele na pua, nazo zimekatwa humo humo. Kwa hiyo mimi nikinunua gemu mpya siachi mashine ikiwa wazi nikaenda kula. Naenda haraka kwenye sehemu nzito, mjini penye watu wengi au vitani, nione kama mashine inahimili. Ikishindwa, narekodi hapo hapo na kuomba hela yangu siku hiyo hiyo.

PlayStation wana siku 14 pia, ila ukishaanza kupakua tu, haki hiyo imekwenda, labda gemu yenyewe iwe na hitilafu. Kama umelipia mapema, nenda kwenye mipangilio uzime kupakua kwenyewe. Usije ukaamka asubuhi ukakuta mashine imeshakuamulia usiku.

Halafu kuna hizi namba za kufungulia gemu zinazouzwa mitandaoni kwa bei ya kutupa. Niliwahi kununua moja, nikaiingiza Steam, ikakubali, gemu ikawa inafunguka na kujifunga. Nikamrudia muuzaji. Akanijibu, "Kaka, mzigo ukishafunguliwa haurudi." Steam nao hawarudishi hela ambayo hukuilipa kwao. Nikabaki nayo.

Na bando je? Cyberpunk ilidai nafasi ya GB 70. Hela ya gemu unaweza kuirudisha, ya bando imeshakwenda. Kwa sisi tunaopakua kwa bando la simu hiyo si hasara ndogo, na sijaona duka lolote linaloihesabu.

Msidhani haki hizi zilitoka kwa huruma. Steam walianza utaratibu huu Juni 2015, wakati mamlaka ya kulinda walaji ya Australia ilikuwa imeshawafikisha mahakamani kwa kuwaambia wateja kwamba hela hairudi. Mwaka 2016 mahakama ikawatoza faini ya dola milioni 3 za Australia. Uingereza, sheria yao ya 2015 inataka bidhaa ya kidijitali iwe na ubora unaoridhisha na ilingane na maelezo yake. Kenya wana sheria ya kumlinda mlaji ya 2012, na sisi Tanzania tuna Tume ya Ushindani, FCC. Lakini yule aliyeniuzia namba, asiye na jina wala ofisi, ningemshtaki wapi?

Kama umeshalipia gemu inayotoka wiki hii, bado hujachelewa. Steam unaweza kuifuta oda wakati wowote kabla ya siku ya kutoka. Ingia sehemu ya msaada, chagua ulichonunua, andika sababu kwa kifupi. Na kama ombi lako limewahi kukataliwa, niwekee hapo chini sababu waliyokupa, nitaisoma kwenye video ijayo.