Uji wa tui karibu na geti la Mnazi Mmoja

Nimekunywa uji wa genge hili siku 11 mfululizo, kwa hiyo nina haki ya kusema. Liko hatua chache kutoka geti la hospitali ya Mnazi Mmoja, hapa Unguja. Halina bango, tafuteni turubai la buluu na foleni ya watu wenye vikombe vyao.

Bakuli shilingi 1,000. Mchele umepikwa mpaka umevurugika, tui zito, iliki haikufanyiwa choyo, na hukuti bonge hata moja. Hilo la mabonge ndilo lililonipeleka, maana bi mkubwa wangu hamezi ila kinachoteleza.

Kwetu Micheweni, Pemba. Msimu ule mwani tunaoulima ulipauka ukakatika, nyumbani tukawa tunakula mara moja kwa siku, muhogo na dagaa. Bi mkubwa anaudonoadonoa muhogo, kisha anawasukumia wajukuu sahani. "Mie nimeshiba, kuleni." Tukaona ni huruma za bibi. Akakonda, lakini sote tulikonda, nani angeshtuka? Kumbe muhogo haupiti. Miezi minne tuliuita ugonjwa ule njaa, na nauli ya kuja mjini ndiyo hiyo hiyo pesa ya mchele. Alipopitishwa kamera kooni, uvimbe ulishaziba nusu ya njia ya chakula. Tukaambiwa aende hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi, ila kwanza apate mwili, maana mwili uliokwisha hauhimili tiba.

Sasa kasoro. Uji unapakuliwa ukitokota. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vinywaji vya moto wa zaidi ya digrii 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, ndiyo hiyo njia ya chakula. Na sisi chai isipounguza ulimi tunairudisha jikoni! Nilipoomba nipoziwe, mwenye genge alicheka: "Uji wa baridi si uji, mwanangu." Nikamweleza namnunulia nani. Kesho yake nikakuta bakuli la bi mkubwa limetengwa mapema, limefunikwa kawa. Sikumkumbusha tena.

Mahamri yake magumu, msinunue. Benchi ni moja na linayumba, mzee asikalie peke yake. Chenji hana kamwe, njooni na noti ndogo, na mje kabla ya saa tatu. Baada ya hapo mtakuta anasugua sufuria. Maziwa ya kuongezea ni shilingi 500, na kwa mgonjwa yanafaa kila senti. Anakopesha pia, ana daftari. Deni langu nimelimaliza Ijumaa.

Bi mkubwa kaongezeka kilo moja. Jumanne tunapanda boti. Nimemuuliza mwenye genge kama uji wake utafika Dar ndani ya chupa ya chai. Kasema utaganda njiani, nikifika niuzimue kwa maji ya moto, halafu nisubiri upoe.