Njia ya mbao ya mikoko Gazi: nendeni, ila ulizieni maji kwanza

Jamani, ukishavuka feri Likoni ukashika barabara ya Lunga Lunga, kabla hujafika Msambweni kuna Gazi, na pale kina mama wa kijiji wana njia yao ya mbao inapita katikati ya mikoko. Nilipeleka wageni wa Nairobi na mimi nawapa nyota tano zote.

Mama anayekutembeza ni mwenyeji wa palepale, anakuonyesha huu mkoko, huu mchu, ule mlilana unaosimama mbele kabisa kwenye maji, halafu mbegu ya mkoko inavyoota ikiwa bado inaning'inia juu ya mti, ikianguka inajichoma kwenye tope. Kwenye tope ndo nilinogewa. Alilichokoa na kijiti, jeusi tii, linanuka yai viza, akasema hewa chafu inayopasha dunia joto imefungiwa humo chini nyingi kuliko hata kwenye miti yenyewe, ukikata mti ukavuruga tope inaanza kutoka tena. Wageni wangu walikuwa wanajua mikoko ni kuni na boriti tu!

Na hawa watu walishaona hasara kwa macho, manake miaka ya 70 mikoko ya hapa ilikatwa ovyo ikaenda kuchomea matofali na chokaa, pakabaki vipara. Sasa kuna mradi wa wanakijiji unaitwa Mikoko Pamoja, tangu 2013 Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 na kuuza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa ile hewa chafu ambayo mikoko inaifungia, tani kama 3,000 kwa mwaka, na pesa zinaingia kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule, wanakijiji wenyewe ndo wanakaa kikao waamue. 2017 wakapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa, na watu wa Vanga, kule karibu na mpaka wa Tanzania, nao wakafuata njia hiyohiyo. Mimi nasema kaunti zote za pwani zije zijifunze hapa.

Jamaa mmoja wa kutembeza watalii huko Diani alituambia twende saa yoyote, sio kweli. Maji yakitoka unaona mizizi na kaa vizuri, yakijaa unaona visamaki vinaingia kujificha chini ya mbao, so chagua unachotaka, upige simu kwanza uulize maji. Na chakula agiza mapema, wali wa nazi na samaki wa kupaka wanapika freshi, sio cha kupasha.