Uzoefu wangu wa kuunganisha hospitali na maabara kwa Mirth Connect

Hospitali yetu ni ndogo, ya binafsi, jijini Dar es Salaam, na vipimo ambavyo mashine zetu hazivimudu tunavipeleka kwenye maabara ya kampuni nyingine. Kwa miaka mingi sampuli ilikwenda kwa pikipiki, majibu yakarudi kwa barua pepe, kisha mtu wetu akayaingiza kwenye mfumo tarakimu kwa tarakimu, na makosa yake mnaweza kuyakisia. Mwaka 2024 nilikabidhiwa kazi ya kukomesha unakili huo, nikachagua Mirth Connect toleo la 4.5, programu inayopokea ujumbe kutoka mfumo mmoja na kuupeleka mwingine, ambayo wakati huo ilikuwa bado programu huria.

Kuisakinisha hakukunisumbua. Inahitaji Java, ukurasa wake hufunguka kwenye poti 8443, na jina na nywila za mwanzo zote ni "admin", kwa hiyo badilisha nywila hiyo kabla ya jambo jingine lolote. Hifadhidata ya Derby inayokuja nayo ni ya majaribio tu. Nilihamia hifadhidata ya PostgreSQL kabla ya kupokea jibu la mgonjwa hata mmoja. Anayerithi seva ya zamani asikubali kubaki chini ya toleo la 4.4.1, kwa kuwa matoleo ya nyuma yana udhaifu, uliotangazwa mwaka 2023, unaomwezesha mtu asiye na nywila kuendesha amri zake kwenye seva.

Kazi yenyewe hufanyika ndani ya chaneli: upande mmoja unasikiliza, mwingine unapeleka, na katikati unaandika JavaScript. Majibu huja kwa HL7 toleo la 2, muundo ambao mifumo ya hospitali hutumia kupeana taarifa, katika ujumbe wa ORU^R01, yaani wa majibu ya vipimo, na kila kipimo kina mstari wake uitwao OBX. Katika majaribio himoglobini ilifika ikiwa 11.2 g/dL, ilhali mfumo wetu hutumia g/L, na mimi nilikuwa nimechukua namba nikaacha kizio chake. Skrini ikaonyesha 11.2 g/L badala ya 112, mgonjwa wa majaribio ambaye kwa damu hiyo asingekuwa hai. Programu hupeleka ilichopewa. Maana ya namba ni juu yenu nyote wawili, hospitali na maabara, na ndiyo maana kupatana na maabara juu ya majina na vizio vya vipimo kulitumia wiki tatu, wakati chaneli yenyewe ilinichukua siku mbili.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Niliipanga chaneli imjibu mtumaji AA, yaani "nimepokea", mara tu inapomaliza kuusoma ujumbe, na upande wa kupeleka nikaacha foleni, inayoshika ujumbe na kujaribu kuutuma tena, imezimwa. Ijumaa moja umeme ulikatika, seva ya mfumo wa hospitali ikazimika, ila ile ya Mirth ilikuwa na betri yake ikaendelea kupokea. Mchana daktari akawa anaulizia potasiamu ya mgonjwa wa figo. Nikapiga simu maabara. "Kaka, sisi tumeshatuma tangu asubuhi, na kila ujumbe mmetujibu AA," akaniambia fundi wao, na alikuwa sahihi kabisa. Majibu kumi na manne yalikuwa yamelala kwenye chaneli yangu yakiwa na alama ya ERROR. Sifa ya programu ni kwamba ilikuwa imeyahifadhi yote, nikayatuma upya kwa dakika chache. Tangu hapo foleni inashika kila ujumbe unaoshindwa kufika, na tahadhari inanijia kwa barua pepe.

Uhifadhi huo una upande wake wa pili: majina na magonjwa ya watu yanabaki kwenye hifadhidata, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nimeweka ujumbe ufutwe baada ya siku 30, na mawasiliano yote yanapita kwenye VPN, njia ya mtandao iliyofichwa, kwa sababu MLLP, utaratibu unaobeba HL7, hausimbi chochote, yaani haufichi yaliyomo.

Machi 2025 NextGen Healthcare, wenye programu, walitangaza kwamba kuanzia toleo la 4.6 itatolewa kwa leseni ya kibiashara. Ni haki yao, ingawa kwa bajeti yetu habari hiyo ilikuwa chungu. Tumebaki kwenye 4.5.2, na kwenye seva ya pembeni ninajaribu Open Integration Engine, tawi huria lililotokana nayo. Chaneli mbili zimeingia bila marekebisho, ile ya maabara bado sijaigusa.