Uzi, shira, krimu na leza: vilivyokifanyia kidevu changu

Ngozi zetu nyeusi zina tabia moja ambayo maelezo ya nyuma ya pakiti hayaitaji: zikiudhiwa, zinaweka doa. Kidonda kidogo cha krimu kinakauka kwa siku chache, halafu kinakuachia alama nyeusi ya miezi. Ndiyo maana mimi njia ya kuondoa nywele za usoni siipimi kwa ulaini wa jioni ile ile. Naipima kwa hali ya kidevu mwezi ukishapita. Ninaishi Lamu, nimekuwa na ndevu za kidevuni (ndiyo, ndevu, sioni haja ya kuzificha kwa jina jingine) tangu nikiwa msichana wa sekondari, na karibu kila kinachouzwa kwa kazi hiyo kimepita juu ya uso wangu.

Kwanza tutenganishe. Malaika, zile nywele laini za mashavuni, kila mtu anazo, nami siziguzi. Ninazozungumzia hapa ni nywele nyeusi, nene, zinazojikunja, zinazoota chini ya kidevu na kushuka shingoni. Hizi mbili hazitibiwi sawasawa, na kwenye leza tofauti hiyo ina gharama yake. Nitafika huko.

Wembe nitaumaliza haraka. Haufanyi nywele ziwe nyingi wala nene, hata shangazi zako wakiapa. Unywele huota na ncha nyembamba. Wembe unaukata pale ulipo mnene, kwa hiyo ukichomoza tena una ncha butu na kidole kinauhisi mkavu. Tatizo langu na wembe ni jingine. Nywele za kujikunja zikikatwa karibu sana na ngozi hurudi kujichimbia ndani, zinaleta vipele, na mimi navaa nikabu. Kitambaa, jasho la kaskazi na kidevu kilichonyolewa asubuhi havipatani. Wembe unanifaa siku ya dharura tu, na napitisha kuelekea nywele zilikolala, si kinyume.

Uzi ndio unaopata alama ya juu kwangu, na hapa nitakaa kidogo. Mjini kwetu wanaoujua vizuri ni wapambaji wa maharusi, wale wale wa hina na piko. Ninayekwenda kwake mimi ni mama wa makamo, yuko mtaa wa Langoni, na kidevu pamoja na mdomo wa juu hunitoza mia tatu. Msimu wa harusi bei hupanda. Hana saluni wala ubao mlangoni. Ana kiti cha plastiki kilichowekwa pale mwanga wa uani unapoangukia, kwa sababu nyumba zetu za mawe zina kiza ndani, na taa ya umeme inaficha nywele fupi. Anakupangusa jasho, anakupaka poda kidogo, kisha anakata uzi wa pamba wa kushonea. Ncha moja anaing'ata kwa meno, nyingine anaishika kwa mkono, katikati anausokota mara kadhaa, halafu vidole vinaanza kufunguka na kufunga. Ule msokoto unakimbia huku na huku, na kila unapopita unakamata safu ya nywele na kuing'oa na mizizi yake. Unausikia kabla hujauhisi: krr, krr, krr, chini ya sikio.

"Vuta ngozi, mwanangu. Ulimi hapo, sukuma."

Nasukuma mdomo wa juu kwa ulimi kutoka ndani, mikono miwili imevuta kidevu, machozi yananitoka jicho la upande anaofanya kazi.

"Pole. Kwani harusi yako hukulia?"

"Nililia, mama."

"Basi."

Uzuri wa uzi ni kwamba haubandiki kitu juu ya ngozi. Hakuna moto, hakuna dawa, hakuna tabaka la ngozi linalobanduliwa pamoja na nywele. Unashika hata nywele fupi ambazo nta isingezikamata. Ngozi inakuwa nyekundu au inavimba vidoadoa kwa saa chache, naweka barafu iliyofungwa kwenye leso, na siku hiyo sipaki manukato wala singo. Wiki mbili tatu ninakaa salama, wakati mwingine zaidi. Doa? Kwangu, halijatokea akifanya yeye. Limetokea akifanya msichana mwingine aliyekuwa na haraka: uzi wa pupa unakata nywele badala ya kuzing'oa, na iliyokatwika chini ya ngozi inarudi na kipele. Kuhusu meno, mimi naenda na uzi wangu mpya, na namwomba kwa adabu ncha aifunge shingoni badala ya kuing'ata. Anacheka, lakini anafunga.

Nyusi hatindi. Ukimwomba atakwambia hizo nenda kwingine, na ana hoja yake, kwa kuwa katazo la kunyonyoa nyusi linajulikana. Nalitaja kwa sababu najua wapo wanaobaki na ndevu wakidhani katazo ni hilo hilo. Sisi huku tunafuata madhehebu ya Shafii, na Imam Nawawi, ambaye ni nguzo ya madhehebu hayo, aliandika kwamba mwanamke akiota ndevu au sharubu si haramu kuziondoa, bali inapendekezwa. Mwenye shaka amuulize mwalimu wake. Mimi niliuliza, na nilijibiwa bila kuonewa haya.

Shira ya sukari na ndimu ni kitu cha maharusi. Sukari, maji, ndimu, unachemsha mpaka rangi ya asali, inapoa, unaibandika na kuibandua. Kwa miguu na mikono sina neno. Kwa uso ina sharti la kuingoja ipoe kweli, maana sukari ya moto inaunguza vibaya kuliko maji. Nta ya moto ya saluni inashika ngozi zaidi ya sukari, na hapo ndipo nilipopata doa langu la kwanza, pembeni ya mdomo. Ukitumia dawa za chunusi zenye tretinoini au adapalini, nta iache kabisa, kwani ngozi imekuwa nyembamba na itabanduka nayo. Na kwa vile tumeitaja ndimu: wale wanaojisugua kipande cha ndimu mbichi kidevuni "kusafisha" halafu wakatoka juani, maji ya ndimu na jua vikikutana juu ya ngozi vinaweza kuunguza na kuacha baka jeusi. Nimeliona kwa jirani yangu, tena alikuwa anaenda Shela tu kwa mashua.

Krimu za kuondoa nywele ndizo zilizonikera zaidi. Harufu yake ya kibiriti unaijua. Dawa iliyomo inayeyusha keratini, ambayo ndiyo unywele wenyewe, na shida ni kwamba ngozi ya juu nayo ina keratini. Haijui ikomee wapi. Ile niliyonunua, jina silitaji, ilikuwa imeandikwa kabisa kuwa ni ya uso. Niliijaribu kwanza ndani ya mkono kama walivyoelekeza, mkono ukakaa kimya. Kidevuni nikaitoa kabla ya dakika walizoandika, na bado kesho yake nilikuwa na magamba mawili ya kahawia yaliyochukua miezi kufifia. Nywele, kwa taarifa, zilirudi siku ya nne.

Zipo pia dawa za kugeuza nywele rangi ziwe za dhahabu ili zisionekane. Kwa uso wa rangi yangu zinaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Sasa jambo ambalo wauzaji wa vipodozi hawatakwambia. Mikorogo mingi na tyubu za kung'arisha uso zina steroidi ndani, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe wa ngozi, kama betamethasoni au klobetasoli. Zikipakwa usoni muda mrefu zinakonda ngozi, zinaleta chunusi, na zinaotesha nywele. Hivyo dada anajing'arisha, anaota nywele, ananunua krimu ya kuziondoa, krimu inakuta ngozi nyembamba, inaunguza, linakuja doa, anapaka mkorogo kufuta doa. Ukiwa ndani ya mzunguko huu hakuna uzi wala leza itakayokusaidia kabla hujaacha ile tyubu, na kama umeitumia muda mrefu, ni heri daktari akuelekeze namna ya kuiacha, kwa maana ukiikata ghafla uso unaweza kuwaka.

Leza, yaani mwanga mkali unaounguza shina la unywele. Huku Lamu sikuipata, ikabidi Mombasa: mashua hadi Mokowe alfajiri, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, unafika umechoka kiasi cha kusahau ulichokuja kufanya. Kabla ya kusafiri nilipiga simu. Kliniki ya kwanza nilimuuliza mhudumu mashine yao ni ya aina gani, akanijibu "ni ya kisasa". Nikaachana nao. Swali hili ni la lazima kwa mtu mweusi, kwa sababu leza inafuata rangi nyeusi ya unywele, na ngozi yetu nayo ina rangi hiyo hiyo. Mashine inayofaa zaidi kwetu ni Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanomita 1064, ambayo yanapita ngozi ya juu bila kuipasha moto sana na kwenda chini kwenye shina. Aina nyingine, Alexandrite ya nanomita 755, ni hatari zaidi kwetu. Vile vifaa vya mwanga vya kutumia nyumbani, vingi vina kipima rangi, na ukikiweka kwenye ngozi nyeusi kinagoma kuwaka. Usikilazimishe.

Nilikokwenda walikuwa na Nd:YAG, na walinijaribia sehemu ndogo kwanza wakaniambia nirudi. Masharti: wiki kadhaa kabla usitie uzi, nta wala kibano, maana leza inahitaji shina liwepo, wembe ruhusa. Inauma, mchomo mfupi wa moto na harufu ya nywele iliyoungua. Unarudia kila baada ya wiki nne hadi sita, kwa kuwa nywele hazioti zote kwa pamoja. Kwangu zimepungua zaidi ya nusu na zilizobaki ni nyembamba. Doa halikuja, nikipaka kinga ya jua kila siku. Lakini haziishi. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, yenyewe inaitambua leza kama njia ya kupunguza nywele kwa kudumu, si ya kuzimaliza. Ya kuzimaliza ni sindano ya umeme, inayoingia kwenye kila kinyweleo kimoja kimoja, nayo ni kazi ya 1875 ya daktari wa macho wa St. Louis, Charles Michel, aliyekuwa anatibu kope zinazoota kuelekea ndani. Hiyo sijaifanya. Na mhudumu akitaka kukupiga leza mashavuni kwenye malaika, kataa: kwa wanawake wengine leza inaamsha nywele laini zikawa nene, hasa wenye shida ya homoni.

Na homoni ndiyo iliyonifanya niwe mteja wa haya yote. Hedhi yangu ilikuwa inaruka, na hospitali hapa hapa ilinipima damu na ultrasaundi, ikasema PCOS, yaani shida ya homoni inayohusu ovari. Takriban mwanamke mmoja katika kila kumi wa umri wa kuzaa anayo, na wengi hawajui. Nilipewa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, baadaye spironolaktoni, ambayo asili yake ni dawa ya presha na haitumiwi na mwenye mimba. Miezi sita ya kwanza hutaona kitu. Baada ya hapo nilianza kwenda Langoni mara chache zaidi. Kama nywele zimekujia ghafla, kwa wingi, na sauti inazidi kuwa nzito, acha kusoma habari za uzi na uende hospitali wiki hii.

Hesabu yangu kwa sasa: vidonge kila siku, uzi kidevu kikihitaji, leza nimeisimamisha mpaka nauli ipatikane, na nikitaka kuirudia nitabidi niuache uzi kwanza. Krimu niligawa. Kama uko Lamu na unatafuta mtu wa uzi, waulize wapaka hina, nenda asubuhi katikati ya wiki, kwa sababu Alhamisi na Ijumaa wamejaa maharusi na mkono wenye haraka ndio unaokata nywele.